BLASIO KIGOZI: MTU ALIYEJIFUNGIA ILI AKUTANE NA MUNGU



Safari hii tunawaletea habari za mtu ambaye hakufika uzee wala hakuwa Askofu. Alikufa akiwa shemasi, hajatimiza hata miaka 30. Lakini wazee wetu wa uamsho walipokuwa wakisimulia jinsi moto wa Injili ulivyofika pande zetu za magharibi ya Ziwa Viktoria, mara nyingi jina lake lilitajwa. Mtu huyo ni Blasio Kigozi.

Tunamwandika kwa sababu moja. Wengi wetu tumebatizwa, tumepokea kipaimara, tunakuja kanisani Jumapili, na wengine tumepewa kazi ya kanisa. Lakini mtu akituuliza faraghani kama tunamjua Mungu kama mtoto anavyomjua baba yake, pengine tutanyamaza kidogo kabla ya kujibu. Swali hilo lilimpata Blasio naye akiwa tayari mwalimu wa wengine. Alivyolijibu ndivyo tunavyotaka kusimulia.

MAHALI PENYEWE SI MBALI

Msomaji wa Ngara hana haja ya kwenda ng'ambo kuitafuta nchi ya habari hizi. Ukitoka Ngara ukashuka Rusumo, pale maji ya Ruvubu yaliyokwisha kuungana na ya Kagera yanapoanguka kwa kishindo, ukavuka daraja na kuingia Rwanda, ukapita Kibungo na Kayonza, hutakwenda mbali tena kabla ya kufika Gahini. Ni kilima juu ya Ziwa Muhazi. Hapo Waanglikana walianzisha misioni katika miaka ya 1920, wakajenga kanisa, hospitali na shule. Vilima vyake ni kama vyetu, migomba yake ni kama yetu, na lugha ya wenyeji wake, Kinyarwanda, ni jamaa ya karibu ya Kihangaza chetu.

Lakini Blasio hakuzaliwa huko. Yeye alikuwa Mganda, alizaliwa karibu na mwaka 1909, mwana wa chifu. Kwa hiyo tuanze kwao Uganda.

NDUGU WAWILI

Blasio alikuwa na kaka aliyemtangulia kwa miaka mingi, jina lake Simeoni Nsibambi, aliyezaliwa mwaka 1897. Simeoni alikuwa ameajiriwa katika idara ya afya ya serikali ya Uganda. Alikuwa na mshahara mzuri na heshima mbele ya watu. Aliwahi kutamani sana kupelekwa ng'ambo kusoma, akaikosa nafasi hiyo. Katika uchungu ule Mungu alimfundisha kwamba uzima wa milele unapita elimu na cheo, naye akaanza kumtafuta Bwana kwa bidii.

Mwezi wa Septemba 1929 Simeoni alikutana juu ya kilima cha Namirembe, Kampala, na daktari kijana Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini. Daktari huyo alikuwa amechoka sana. Njaa kali ilikuwa imeua watu wengi mashariki ya Rwanda, kazi ilikuwa nzito kuliko nguvu zake, naye aliona moyoni kwamba amekauka. Wawili hao, Mwafrika na Mzungu, waliketi pamoja siku mbili wakifunua Biblia, wakifuata mafundisho juu ya Roho Mtakatifu kutoka kitabu hadi kitabu, na kuomba. Katika siku za ukoloni haikuwa kawaida Mzungu kuketi hivyo na Mwafrika kama ndugu wawili wenye haja moja. Joe Church alirudi Gahini akiwa na nguvu mpya. Simeoni aliacha kazi ya serikali, akawa mtu wa kuhubiri njiani na kuongea na watu mmoja mmoja juu ya roho zao.

Blasio aliyaona hayo yote kwa macho yake. Aliona kwamba dini ya kaka yake haikuwa ya Jumapili tu, bali iliingia katika mfuko wake, katika kazi yake na katika maongezi yake. Akaguswa. Akajitoa kwa Bwana, na mwaka uo huo wa 1929 akaenda Gahini kuwa mwalimu wa shule.

Tusipite hapa haraka. Kwa mtoto wa chifu wa Buganda, kwenda Rwanda siku zile kulikuwa kujishusha. Aliacha nyumba nzuri na barabara nzuri. Alikwenda nchi ya ugeni, lugha ya ugeni na chakula cha ugeni, kwa watu ambao Waganda wengi wa wakati ule waliwaona wako nyuma. Hakulazimishwa na mtu. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba Blasio alikuwa mkristo wa jina tu. Alikuwa ameacha mengi kwa ajili ya Kristo. Kumbukeni jambo hili, maana ndilo linaloyafanya yatakayofuata kuwa ya maana kwetu.

KAZI NYINGI, MOYO MKAVU

Huko Gahini Blasio alifundisha kwa bidii. Alishirikiana na Yosiya Kinuka, mtu wa Ankole, aliyekuwa msaidizi mkuu wa Waafrika katika hospitali. Yosiya naye alikuwa ameanza vibaya. Alikuwa na manung'uniko moyoni, na hospitali nzima ilijua. Mwaka 1931 alikwenda Kampala akakaa na Simeoni Nsibambi. Simeoni hakukubali kusikiliza tu malalamiko juu ya hospitali, bali alimwelekeza kuutazama moyo wake mwenyewe. Njiani akirudi nyumbani Yosiya alijitoa kwa Bwana, akafika Gahini akiwa mtu mwingine.

Baadaye Blasio alipelekwa Mukono, katika chuo cha Askofu Tucker, akasoma theolojia, akawekwa mikono kuwa shemasi mwaka 1934. Akarudi Gahini, akakabidhiwa shule ya kuwafundisha wainjilisti. Hao ndio waliokuwa wakitumwa vijijini kuanzisha makanisa madogo ya nyasi, kufundisha watu kusoma na kuwaandaa kwa ubatizo, kama walivyofanya makatekista wetu wa kwanza hapa kwetu.

Kwa macho ya watu Blasio alikuwa amefika. Alikuwa na elimu, daraja takatifu, mke na nyumba, na kazi kubwa ya kanisa. Wainjilisti walikuwa chini ya mkono wake. Lakini ndani alijua kwamba jambo moja limepungua. Alihubiri, watu wakasikia, wakaenda zao vile vile walivyokuja. Alifundisha, wanafunzi wakaandika, lakini mioyo haikubadilika. Aliona kanisa limejaa majina katika daftari, huku ulevi, uchawi na uzinzi vikiendelea kimya kimya miongoni mwa waliobatizwa. Wahenga walisema kwamba mganga hajigangi. Blasio alikuwa akiwapelekea wengine dawa ambayo yeye mwenyewe aliihitaji.

Ndugu msomaji, hapa ndipo wengi wetu tulipo. Hatukumwacha Mungu, tumeshughulika tu. Mzee wa kanisa ana vikao na michango. Katekista anatembea maili nyingi kwa baiskeli kwenda mitaani. Mama wa Umoja wa Akina Mama anafagia kanisa, anapika kwa ajili ya wageni, anawatembelea wagonjwa. Mwimbaji wa kwaya anajua nyimbo zote kwa moyo. Kazi hizi zote ni njema, na Bwana hazidharau. Lakini Martha naye alikuwa akimpikia Yesu mwenyewe, na bado aliambiwa kwamba kuna jambo moja la lazima alilolikosa. Mtu anaweza kukaa nyumbani mwa Bwana akifanya kazi za Bwana, na kwa muda mrefu asiketi na Bwana.

JUMA MOJA NDANI YA NYUMBA

Mwaka 1935 Blasio alifanya jambo ambalo watu wa Gahini hawakulisahau. Aliacha shughuli zake zote, akaingia katika nyumba ndogo, akakaa humo peke yake kwa muda wa juma moja, akiomba na kusoma Neno la Mungu.

Fikirini maana yake. Shule ilikuwa na kazi. Wanafunzi walikuwapo. Bila shaka palikuwa na barua za kujibu, wagonjwa wa kuwaombea na mahubiri ya kuandaa. Mtu wa akili ya dunia angesema kwamba huu si wakati wa kupumzika. Lakini yeye hakwenda kupumzika. Alikwenda kwa sababu aliona ni bure kuendelea kuchota katika kisima kikavu. Bwana Yesu alitufundisha kuingia chumbani, kufunga mlango na kumwomba Baba aliye sirini. Blasio alilichukua neno hilo kama lilivyo.

Waliyoongea mle ndani ni ya Mungu na Blasio. Lakini matunda yake yalionekana nje, na kwa matunda mti hutambulikana. Aliyeingia alikuwa mwalimu mwenye mzigo. Aliyetoka alikuwa mtu aliyevunjika mbele za Mungu, mnyenyekevu, na mwenye moto moyoni. Hakujifunza siri mpya. Hakuleta mafundisho ambayo hayamo katika Biblia wala katika Kitabu cha Sala. Mambo aliyokuwa akiyafundisha zamani juu ya dhambi, msalaba na Roho Mtakatifu yalikuwa sasa yamempata yeye mwenyewe. Kwanza alikuwa ameyashika kwa kichwa, sasa yeye ndiye aliyeshikwa nayo.

Toka siku hizo alihubiri kwa namna nyingine. Wainjilisti wa shule yake waliguswa, wengine wakatubu. Yeye na Yosiya walizidi kuwa kama mtu na nduguye. Watu wakaanza kuyaleta nuruni mambo waliyoyaficha miaka mingi. Wito uliokuwa kinywani mwa Blasio ulikuwa neno moja la Kiganda, Zukuka, yaani Amka. Watu wa Ngara watalielewa wakikumbuka neno la kwao, kanguka. Hakuwaambia hayo wapagani tu. Aliwaambia hasa watu wa kanisa, maana huwezi kumwamsha mtu asiyekuwapo nyumbani. Unamwamsha yule aliye ndani ya nyumba na amelala.

SAFARI YA KABALE

Mwezi wa Septemba mwaka uo huo 1935 kikosi cha Gahini kiliitwa Kabale, katika nchi ya Kigezi, kuongoza mkutano mkubwa wa kiroho. Blasio na Yosiya walikuwamo. Mkutano ule ulifuata mpango ulio wazi, kila siku na somo lake. Walianza na dhambi, wakaja toba, halafu kuzaliwa mara ya pili, halafu kutoka Misri, yaani kuacha kabisa mambo ya zamani, halafu Roho Mtakatifu na maisha ya ushindi. Katika mpango huu mtu hakuruhusiwa kuruka ngazi. Asiyekubali kuitwa mwenye dhambi siku ya kwanza, hakuwa na la kupokea siku ya mwisho.

Baada ya mkutano huo Kigezi haikubaki kama zamani. Watu walirudisha mali walizoiba. Waliokuwa na ugomvi walikwenda kuombana msamaha. Hirizi na vitu vya uchawi vilitolewa nje vikachomwa. Vikundi vidogo vya kuomba na kusoma Neno vilianza huku na huku, na nyimbo zilisikika usiku vilimani. Tutazame vizuri jambo hili. Watu hao walikuwa wamekaribia kwa Mungu, na mara ile ile walijikuta wamesukumwa kwa jirani. Aliyeombewa asubuhi alionekana mchana yuko mlangoni kwa mtu akirudisha mbuzi wa watu. Tunaposema tuko karibu na Mungu, na huku hatusalimiani na ndugu yetu kwa ajili ya mpaka wa shamba, tunajidanganya. Mtume Yohana ameandika hayo wazi katika waraka wake wa kwanza.

MAMBO MATATU KWA SINODI

Mwezi wa Januari 1936 Blasio alisafiri kwenda Uganda kwa ajili ya Sinodi ya Dayosisi. Alikuwa kijana kati ya wazee, na shemasi kati ya makasisi. Lakini mzigo wake ulikuwa mkubwa, naye alikuwa ameuandaa katika mambo matatu.

La kwanza, aliuliza sababu ya ubaridi na ufu ulioliingia Kanisa la Uganda. La pili, alisikitika kwamba watu wanaoishi katika dhambi iliyo wazi wanaachiwa kuikaribia Meza ya Bwana kama kwamba si kitu. La tatu, aliuliza lifanyike nini ili uamsho uje katika kanisa.

Haya hayakuwa maneno mepesi. Kanisa la Uganda lilikuwa na fahari. Lilikuwa na mashahidi wake waliochomwa moto Namugongo mwaka 1886, lilikuwa na kanisa kuu la Namirembe, lilikuwa na shule kubwa na machifu waliobatizwa. Kuliambia kanisa kama hilo kwamba limepoa ni kujitafutia uadui. Lakini Blasio hakusema kama mtu anayesimama nje na kurusha mawe. Alisema kama mgonjwa aliyepona, anayewaeleza wagonjwa wenzake habari za daktari. Ubaridi aliwahi kuuona moyoni mwake kwanza, kabla hajauona Namirembe.

Bwana alikuwa na mpango mwingine juu ya mtumishi wake. Blasio alishikwa na homa ya papasi. Wasomaji wetu wanamjua papasi, mdudu anayekaa katika nyufa za sakafu ya udongo na kuuma watu wakiwa wamelala. Siku zile safari zilikuwa ndefu, na wasafiri walilala katika nyumba za njiani zenye wadudu hao. Penisilini na dawa kama hizo zilikuwa hazijaanza kutumika. Homa ilimlemea, na tarehe 25 Januari 1936 Blasio Kigozi alifariki huko Kampala. Ni siku ambayo kanisa letu hukumbuka Kuongoka kwake Mtakatifu Paulo. Toka juma lile la kujifungia mpaka kifo chake haukupita hata mwaka mmoja na nusu.

Mke wake alibaki mjane kijana. Wainjilisti wa Gahini walipoteza mwalimu wao. Simeoni, kaka mkubwa, alimzika mdogo wake. Wengine labda walifikiri kwamba kazi imekwisha.

PUNJE ILIYOANGUKA

Lakini punje ya ngano ikianguka katika nchi ikafa, huzaa. Mambo yake matatu hayakuzikwa pamoja naye. Askofu Cyril Stuart wa Uganda aliyapokea, nayo yaliletwa mbele ya Sinodi. Watu walipoyasikia, huku wakijua kwamba aliyeyaandika amekwisha kuitwa na Bwana, yaliwachoma kuliko kama angesimama mwenyewe kuyasema. Mwaka 1937 ulikuwa mwaka wa 60 tangu wamisionari wa kwanza walipofika Buganda mwaka 1877, na kanisa likaufanya kuwa mwaka wa misheni za kuwaita watu wake waamke. Wito wa Blasio ukawa wito wa kanisa zima. Daktari Joe Church aliandika kitabu kidogo juu ya maisha yake na maono yake, kikasomwa mbali.

Kisha moto ukavuka mipaka. Mwaka 1937 kikosi kilikwenda Kenya. Kikosi kutoka Rwanda kilifika na huku kwetu, Katoke, kwenye misioni na chuo cha walimu, mwaka 1939. Kutoka hapo habari zilienea katika mitaa ya Kianglikana ya Ngara na Biharamulo, na kwa ndugu zetu Walutheri wa Buhaya. Askofu Josiah Kibira, Mlutheri wa Bukoba ambaye mwaka 1977 alichaguliwa kuwa Rais wa Shirikisho la Walutheri wa dunia nzima, alikuwa mtu wa uamsho huu. Festo Kivengere, aliyekuwa Askofu wa Kigezi tangu mwaka 1972, alikuwa mtoto wa uamsho huu, na baada ya vita kuu ya pili alifundisha shule Dodoma miaka mingi. Ni wengi ambao hawakumwona Blasio hata siku moja, lakini waliota moto aliouwasha.

Kwa uaminifu tuseme pia kwamba uamsho ulikuwa na majaribu yake. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo kile kile cha Mukono kwa sababu ya mabishano yaliyotokea juu ya mambo hayo, na kwa muda palikuwa na maumivu kati ya waliookoka na wakuu wa kanisa. Hata hivyo waamsho kwa sehemu kubwa walibaki ndani ya kanisa lao, wakawa chumvi yake. Na kila mahali kuna hatari ya mtu kutubu dhambi za jirani badala ya zake mwenyewe, au kujivunia ushuhuda wa miaka 20 iliyopita huku leo moyo umepoa. Kwa watu wa namna hiyo pia wito wa Blasio ungali upo. Aliyeamka jana anaweza kulala tena leo.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, kumkaribia Mungu huanza na kukubali ukweli. Blasio hakujidai kuwa mzima. Alikuwa shemasi na mwalimu, lakini alikiri kwamba amekauka. Mungu hawezi kumjaza mtu anayesema amejaa. Kanisa la Laodikia lilijiona tajiri, na Bwana alikuwa nje ya mlango akibisha.

Pili, kunahitaji muda. Hakuna urafiki unaokua kwa salamu za njiani. Mke na mume wasioongea watakuwa wageni chini ya paa moja. Si wote wanaoweza kukaa juma zima. Mama mwenye watoto wadogo, mkulima wakati wa kupanda maharage, mfanyakazi wa zamu hospitalini, hao hawana juma. Lakini kila mmoja ana robo saa kabla jogoo hajawika mara ya pili. Afunge mlango. Kama nyumba haina mlango wa kufunga, aende nyuma ya migomba. Asome kifungu kifupi, anyamaze, amweleze Baba mambo yake, tena anyamaze. Baada ya siku nyingi ataona tofauti.

Tatu, kunapimwa nyumbani na kwa jirani. Usijiulize tu kama unalia machozi katika maombi. Uliza kama mke wako, watoto wako, mtu unayemdai na mtu anayekudai wameona mabadiliko.

Nne, tuje kwenye Meza ya Bwana kwa kujipima. Blasio hakutaka watu wafukuzwe Mezani. Alitaka wasije kwa mazoea. Jumamosi jioni, kabla ya Ushirika Mtakatifu, tuulize mioyo yetu kama tunavyoagizwa katika Kitabu cha Sala. Palipo na kosa, tukalitengeneze.

Tano, tusiahirishe. Blasio alipoingia katika nyumba ile ndogo mwaka 1935, hakujua kwamba siku zake zimebaki chache. Kama angesema angoje shule ifungwe, au angoje awe kasisi, au angoje uzee, asingelipata juma lile kamwe. Na pengine sisi leo tusingelikuwa na habari ya kusimulia.

Basi, ndugu zetu wa Ngara na Biharamulo, baba zetu, mama zetu na vijana, kila mmoja ajiulize peke yake. Mara ya mwisho kuongea na Mungu bila haraka ilikuwa lini? Kuna jambo gani ninalolificha, linalonifanya nione haya kukaa naye? Ni nani nimwendee juma hili kumwomba msamaha? Katika mikutano ya nyumba kwa nyumba tunaweza kuyasoma maswali haya, kisha tukasoma Yohana mlango wa 15, tukaombeana.

TUOMBE

Ee Mungu Baba yetu, uliyemwita mtumishi wako Blasio akuone sirini, na ukaitumia sauti yake kuliamsha kanisa lako: tuhurumie sisi tuliochoka katika kazi zako na kukusahau wewe mwenyewe. Tupe kuona ubaridi wetu bila kukata tamaa. Tufundishe kufunga mlango na kukaa nawe, na kutoka nje tukiwa na upendo kwa jirani zetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.